Muuguzi mgeni katika makazi ya wazee: aelekezwe nini, na kwa muda gani

Muuguzi anayehama kutoka hospitali kwenda kwenye makazi ya wazee huambiwa mambo mawili kabla hajaanza: kazi ya huko ni nyepesi, na kwa uzoefu alio nao hatahitaji kuelekezwa sana. Yote mawili yanamdhuru. La kwanza linamwingiza kazini bila tahadhari. La pili linaupa uongozi sababu ya kumtembeza jengoni siku mbili, kumsainisha rundo la fomu, kisha kumwachia zamu ya usiku.

Hospitalini daktari yumo jengoni, maabara iko karibu, na mgonjwa akibadilika kuna watu wa kuita. Kwenye kituo cha huduma za muda mrefu daktari hupita mara chache. Siku nyingine zote yeye ni sauti kwenye simu. Majibu ya vipimo hayaji saa ileile. Usiku huenda muuguzi mwenye leseni akawa mmoja tu, ana wahudumu wachache chini yake na wakazi makumi: wenye kisukari, waliopooza, wenye dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili polepole), na pia watu wa umri mdogo walioumia uti wa mgongo, maana si wazee peke yao wanaoishi humo. Uamuzi wa nani apigiwe simu daktari, nani apelekwe hospitali na nani aangaliwe mpaka asubuhi unaanzia kwake.

Patricia Benner, msomi wa uuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1984 jinsi muuguzi anavyopanda ngazi kutoka mwanagenzi hadi bingwa. Katika maelezo yake kuna jambo ambalo viongozi wengi wa vituo hulisahau: hata mzoefu, akipewa aina ya wagonjwa asiowajua, anaweza kurudi ngazi ya chini kabisa. Mikono yake inajua kuweka mpira wa mkojo, lakini macho yake bado hayajui yatazame nini.

Tunapotaja mafunzo elekezi huwa tunachanganya kazi tatu. Kuna kulijua jengo: funguo za kabati la dawa, mitungi ya oksijeni, mashine ya kufyonza makohozi, namba za simu, milango ya dharura. Hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Kuna kuhakikiwa ujuzi, yaani mtu anasimama pembeni akuone unavyobadilisha kidonda, unavyolisha kwa mpira wa tumboni, unavyotumia winchi ya kumnyanyulia mkazi. Hiyo nayo ina fomu yake na sahihi zake. Halafu kuna kuwajua wakazi. Hii inataka wiki kadhaa, haina fomu, na kwa sababu haina fomu ndiyo inayokatwa kila watu wanapopungua kwenye zamu. Msimamo wangu ni kwamba hii ya tatu ndiyo mafunzo yenyewe. Mbili za kwanza zinamwezesha tu muuguzi kuifikia.

Sababu ni hii. Mwili wa mzee mara nyingi hautangazi ugonjwa. Nimonia inaweza kuja bila kikohozi, mshtuko wa moyo bila maumivu ya kifua, maambukizi makubwa bila mwili kuchemka. Kinachobadilika kwanza ni mwenendo: aliyekuwa akimaliza sahani anaiacha nusu, aliyejiendea chooni anataka kushikwa mkono, mbishi ananyamaza. Asiyejua mtu huyu alikuwaje jana hana cha kulinganisha. Ataandika kwenye faili "ametulia, hana malalamiko", na kwa macho yake atakuwa ameandika kweli.

Hata kipimajoto kinasomwa kwa kulinganisha. Mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani kuhusu vituo hivi unahesabu kuwa mkazi ana homa joto la mdomoni likizidi nyuzi 37.8 hata mara moja, au likizidi 37.2 kila linaporudiwa, au likipanda kwa zaidi ya nyuzi 1.1 juu ya kawaida yake mwenyewe. Kigezo hicho cha mwisho hakina kazi mahali ambapo hakuna anayeijua kawaida yake. Mkazi ambaye siku zote ana 36.2, leo akiwa na 37.5 ana homa, ingawa muuguzi wa wodi ya watu wazima angempita bila kugeuka. Kupumua ni vilevile: mara 25 au zaidi kwa dakika ni sababu ya kuchukua stethoskopu, na hesabu hiyo ifanywe dakika nzima. Wengi huandika 18 bila kuhesabu. Katika kazi hii, tabia hiyo huficha nimonia.

Kuna mtego mwingine unaomngoja mgeni, nao ni mkojo. Mkazi ameamka amechanganyikiwa, mtu anasema "huo ni mkojo", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, sampuli inapelekwa, bakteria wanaonekana, antibiotiki inaanza, kila mtu anaridhika. Tatizo ni kwamba kati ya robo na nusu ya wanawake wanaoishi katika vituo vya muda mrefu wana bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote, na kwa wanaume ni asilimia 15 hadi 40. Mwenye mpira wa mkojo uliokaa muda mrefu atakutwa nao karibu kila mara. Kwa hiyo jibu la maabara peke yake halithibitishi ugonjwa, na harufu kali peke yake ndiyo kabisa. Wakati mkojo unatibiwa, chanzo halisi kinaendelea na kazi yake: choo kilichofunga kwa siku nyingi, dawa mpya ya usingizi, upungufu wa maji, maumivu ambayo hakuna aliyeyauliza. Muuguzi mgeni afundishwe kuvipitia vyote hivyo kabla hajachukua chupa ya sampuli.

Kuchanganyikiwa kwenyewe kunahitaji kutenganishwa. Dimenshia huingia kwa miezi na miaka. Deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, huja kwa saa au siku, hupanda na kushuka ndani ya siku hiyohiyo, na nyuma yake karibu kila mara kuna ugonjwa au dawa. Kipimo ambacho Sharon Inouye na wenzake walikitoa mwaka 1990 kinaangalia mambo manne: badiliko la ghafla linalopanda na kushuka, kushindwa kuweka akili mahali pamoja, mawazo kuvurugika, na kiwango cha kuwa macho kubadilika. Mawili ya kwanza lazima yawepo, pamoja na mojawapo ya mawili ya mwisho. Mwenye dimenshia naye hupata deliriamu, tena kwa urahisi zaidi kuliko mwingine. Ile ya kelele na kuvua nguo kila mtu huiona. Ile ya kimya, ya kusinzia mchana kutwa, hupita bila kugundulika kwa sababu haimsumbui yeyote, na ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Sasa, nani anaijua kawaida ya kila mkazi kabla mgeni hajaijua? Mhudumu. Ndiye anayemwosha, anamvalisha, anamlisha, anamgeuza. Mhudumu anaweza kuja mlangoni akasema tu, "Dada, leo bibi hajanigombeza nilipofungua dirisha." Muuguzi asiyeelekezwa atacheka na kuendelea na toroli lake la dawa. Aliyeelekezwa vizuri ataacha toroli, atalifunga, na kwenda kumtazama huyo bibi, maana ameletewa taarifa ya kitabibu kwa maneno ya nyumbani.

Ndiyo maana naamini kila muuguzi mpya afanye walau zamu mbili bega kwa bega na mhudumu, akiogesha na kulisha, hata kama ana cheo. Wapo wanaoona ni kushushwa hadhi. Lakini kitandani wakati wa kuoga ndipo unaona kisigino kilichoanza kuwa chekundu na rangi isiyopotea ukibonyeza, soksi iliyoacha alama ndefu kwenye kifundo kilichovimba, meno bandia yaliyochubua ufizi hadi mtu akaacha kula. Mezani ndipo unaona nani anakohoa kila akinywa maji, nani anaweka chakula shavuni bila kumeza, nani analazwa mara tu baada ya kula wakati alipaswa kukaa wima walau nusu saa. Na zaidi ya hayo, wahudumu waliokaa kituoni miaka mingi watamwongoza au watamkwepa muuguzi mgeni kutegemea alivyoingia kwao. Kuwapangia kazi watu wanaowajua wakazi kuliko wewe ni ujuzi wa kufundishwa, na shule nyingi za uuguzi haziugusi.

Baada ya kuona badiliko inakuja simu. Daktari hamwoni mkazi. Anaona kile tu utakachosema. Mpangilio unaotumika sana una sehemu nne: hali ilivyo, historia fupi, tathmini yako, ombi lako. Kwa maneno inakuwa hivi:

"Daktari, ni muuguzi wa zamu ya usiku. Nakupigia kuhusu mkazi wetu mwanamke wa miaka 84 ambaye tangu saa kumi jioni amezubaa na hafuati mazungumzo. Asubuhi alikuwa mchangamfu kama kawaida yake. Ana kisukari, na moyo wake hausukumi damu vizuri. Hana dawa mpya mwezi huu. Joto ni 37.6, kawaida yake 36.3. Anapumua mara 26 kwa dakika, oksijeni ni 91, siku zote huwa 95. Presha 104 kwa 60, sukari 7.2. Chini ya pafu la kulia nasikia milio ambayo haikuwepo. Nadhani ni nimonia. Naomba aonwe usiku huu, ama kituoni ama hospitali. Matakwa yake yaliyoandikwa yanakubali kupelekwa hospitali."

Tazama mara ngapi neno "kawaida" limerudi. Bila hiyo, namba zile ni za mwanamke yeyote aliyezeeka. Na sentensi ya mwisho ndiyo mgeni huisahau, kisha analazimika kushika simu huku akipekua faili. Mazoezi ya simu yafanyike wakati wa mafunzo, kwa sauti, na muuguzi mwenyeji akijifanya daktari mwenye haraka.

Dawa zinataka wiki nzima peke yake. Wakazi wengi hawavai utepe wa jina mkononi, kwa hiyo utambuzi unategemea picha kwenye faili, na picha yenyewe huenda ni ya miaka mitatu iliyopita kabla mtu hajakonda. Mwenye dimenshia ataitika jina lolote utakalomwita, usimuulize "wewe ndiye fulani?" Asiyeweza kumeza vidonge huwa anasagiwa, na hapo ndipo hatari ilipo: kidonge kilichotengenezwa kutoa dawa polepole siku nzima kikisagwa kinaimwaga yote kwa mara moja. Uliza kama ipo ya maji. Insulini ya kabla ya mlo isitangulie sahani. Chakula kionekane mezani kwanza, na mkazi awe ana nia ya kula. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mzee huenda asitetemeke wala kutoka jasho. Ataropoka tu au atasinzia, na watu watasema ni dimenshia yake. Dawa za kulevya za maumivu zihesabiwe na wauguzi wawili, anayetoka na anayeingia, funguo zikiwa bado mezani. Hesabu isipolingana usipokee.

Ipo pia orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee, iliyoanzishwa mwaka 1991 na daktari Mark Beers na wenzake wakiwafikiria wakazi wa vituo hivi hasa. Muuguzi mgeni hahitaji kuikariri, lakini ajue makundi mawili yanayomletea shida usiku: dawa za mzio za zamani zinazoleta usingizi, na dawa za usingizi na wasiwasi za jamii ya diazepamu. Zote mbili huvuruga akili na huongeza kuanguka.

Kuhusu maumivu. Mtu aliyepoteza maneno hawezi kukupa namba kati ya 0 na 10. Kwa ajili yake kuna kipimo cha mwaka 2003 kinachotazama upumuaji, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anabembelezeka; kila kimoja hupewa 0 hadi 2. Kinafundishika kwa nusu saa, na kinabadilisha kazi nzima, kwa sababu mengi tunayoyaita ukorofi ni maumivu. Mkazi anayepiga wahudumu kila anapovalishwa shati huenda ana bega lililoganda. Mpe parasetamoli iliyoandikwa nusu saa au zaidi kabla ya kuvalishwa, anza na mkono mbovu, mwambie unachofanya kabla ya kumgusa, kisha uone. Kumfunga au kumlaza kwa dawa lisiwe jibu la kwanza wala la pili. Kufunga hakupunguzi majeraha ya kuanguka, na mtu anayeruka reli za kitanda huanguka kutoka juu zaidi.

Hata jina anapenda kuitwa nani ni sehemu ya matibabu. Wako waliofundisha shule maisha yao yote, na wakiitwa "Mwalimu" wanakubali kunywa dawa walizozikataa kwa mtu aliyewaita kwa jina la kwanza.

Kuanguka kutatokea, na huenda kukatokea katika zamu yako ya kwanza. Usimnyanyue kwanza. Muulize, mtazame kichwa, angalia kama mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, dalili ya nyonga iliyovunjika. Kama hakuna aliyemwona akianguka, hesabu kwamba amegonga kichwa. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, daktari ajue mara moja, na uangalizi wa akili na mboni uendelee siku hiyo na zinazofuata. Baadaye mpime presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 akiwa amesimama, kama anaweza. Ile ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, huenda umepata sababu.

Ngozi ina kipimo chake cha mwaka 1987, cha Barbara Braden na Nancy Bergstrom, chenye alama 6 hadi 23; aliye na 18 au chini yuko hatarini. Kijaze ukiwa mbele ya mkazi, maana fomu nyingi nimeziona zimenakiliwa kutoka mwezi uliotangulia.

Makaratasi yanamtisha kila mgeni, na kweli ni mengi, kwa sababu kituo hiki ni matibabu na ni nyumba ya mtu kwa pamoja. Kila nchi ina kanuni zake. Marekani, kwa mfano, ilitunga sheria ya kurekebisha vituo hivi mwaka 1987, na kanuni zilizopo sasa zinataka mpango wa awali wa huduma ndani ya saa 48 tangu mkazi apokelewe, tathmini kamili ndani ya siku 14, na marejeo walau kila miezi mitatu. Popote ulipo, uliza tarehe hizo mapema. Uliza pia jambo moja ambalo mara nyingi halisemwi mpaka likutokee: ukishuku mkazi ananyanyaswa, na mhudumu, na ndugu au na mkazi mwenzake, unamripoti nani, na ndani ya saa ngapi?

Ndugu wanahitaji sura yao, lakini nitasema moja tu. Binti anayefoka kila jioni kuhusu blanketi mara nyingi anabeba uchungu wa kumwacha mzazi wake hapo. Mpigie simu siku ambayo hakuna tatizo, umwambie mama amekula vizuri. Siku utakapopiga kwa jambo zito, atakuwa anakujua.

Na wakazi watakufa. Aliyetoka hospitali amezoea kifo kama kitu cha kupigana nacho. Hapa mara nyingi kimetarajiwa, na kazi ni kinywa chenye unyevu, maumivu yaliyodhibitiwa, mwili uliogeuzwa, na mtu wa kukaa karibu. Mafunzo lazima yamwonyeshe mgeni matakwa ya kila mkazi yanahifadhiwa wapi, ili asije akaanza kukandamiza kifua cha mtu aliyekataa hilo kwa maandishi, wala kumwacha aliyelitaka. Na baada ya kifo cha kwanza, muuguzi mwenyeji akae naye kabla hajarudi nyumbani. Tofauti na hospitali, hapa amemhudumia huyo mtu kwa miezi, anajua hadithi zake.

Muda gani unatosha? Mtaalamu hawezi kukupa namba moja kwa vituo vyote, ila mfuatano unaeleweka: wiki ya kwanza bila wakazi wa kuhesabiwa kwako, kisha kundi dogo, kisha ukumbi mzima huku muuguzi mwenyeji yuleyule akiwa karibu. Usiku uje mwisho. Muuguzi mwenyeji naye apunguziwe mzigo. Akipewa mgeni juu ya kazi zake zote, atamtuma tu kuleta vitu. Mgeni akikosa mtu mmoja wa kumuuliza, hujifunza njia za mkato za kila aliyekuwepo zamu hiyo.

Kabla hujakubali zamu ya kwanza peke yako, pita ukumbini na mwenyeji wako, chumba hadi chumba, umweleze kila mkazi alivyo siku ya kawaida: anaamkaje, anatembeaje, anakula kiasi gani, anaongeaje. Pale utakaponyamaza, ndiko zamu inayofuata ianzie. Na kama uongozi unasema hakuna muda, liandike ombi lako, utaje humo kazi unayoombwa kufanya na idadi ya wakazi utakaoachiwa, ubaki na nakala.